Maswali ya Wasomaji: Berlin Haina Konda

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu wa kwetu anayekwenda Berlin ajiandae vipi, na akifika aishije. Wamisionari wa Berlin walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, baadaye wakaingia Ubena na Uhehe, na urafiki uliobaki kati ya sharika za huku na za kule ni sababu mojawapo inayomfanya mtu wa Tukuyu au Njombe, ambaye hajawahi kupanda ndege, kujikuta ana mwaliko wa kwenda mji mkuu wa Ujerumani. Niliishi Berlin miaka mitatu kwa masomo, na nilichochelewa kukielewa ni hiki: ukifika stendi ya Kabwe, Mbeya, konda atakuuliza unakwenda wapi, atakushika begi, na atakupandisha hata gari usilolitaka. Berlin hakuna konda. Kila kitu kimeandikwa mahali fulani, na anayekosea huchukuliwa kuwa alisoma akapuuza. Nimejibu barua sita nikiwa na jambo hilo akilini.

Ugonile mhariri. Mimi ni mwanakwaya wa Tukuyu, nina miaka 52. Usharika rafiki wa Berlin umetualika watu watano kwa wiki mbili mwezi Mei. Tuanzie wapi, na je, naweza kuwapelekea wenyeji parachichi, ndizi na chai ya kwetu?

Ugonile mama, na hongereni kwa mwaliko. Mnaanzia kwenye pasipoti, kabla hata ya kuulizia nauli ya ndege. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uvuke siku ya kutoka Ulaya kwa miezi mitatu au zaidi. Viza mnayohitaji ni ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ya muda mfupi, inayomruhusu mtu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Msizisubiri hizo siku 15, kwa sababu alama za vidole huchukuliwa mwombaji akiwepo mwenyewe Dar es Salaam, na kurudi Tukuyu kufuata karatasi moja iliyosahaulika kabatini ni nauli pamoja na siku mbili za barabarani. Ada imekuwa euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024 na hairudishwi hata ukinyimwa viza, na bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000.

Karatasi inayosahaulika zaidi hutoka kwa wenyeji. Barua ya mchungaji, hata ikiwa na muhuri mkubwa, ni ya kuwakaribisha tu. Kama wao ndio watakaobeba gharama, waombeni mapema hati rasmi ya kujifunga kulipa, ambayo mwenyeji huitia saini katika ofisi ya wageni ya mji wake. Jina lake ni Verpflichtungserklärung, refu kama barabara ya Makambako kwenda Songea, lakini mkiwaandikia hivyo hivyo wataelewa mara moja. Nanyi kwa upande wenu wekeni vielelezo vya kuonyesha kwamba mna sababu za kurudi nyumbani, kama barua ya mwajiri, taarifa ya benki, hati ya shamba au cheti cha ndoa.

Sasa zawadi, na hapa kuna kichekesho kidogo. Sheria za Umoja wa Ulaya zinadai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda linaloingia kwenye begi la msafiri, isipokuwa matunda matano tu: ndizi, nanasi, nazi, tende na durian. Kwa hiyo ndizi zenu za Rungwe zinapita, lakini parachichi, ambalo ndilo fahari ya mkoa siku hizi, litaishia kwenye pipa la forodha kama hamna cheti cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Chai ya Tukuyu na kahawa ya Mbozi iliyokaangwa hazina tatizo. Dagaa wakavu wa Kyela wanaruhusiwa, ingawa ningewafunga mara tatu ili harufu isiingie kwenye kanga za watu, na asali inaruhusiwa isizidi kilo 2. Nyama ya aina yoyote na vitu vya maziwa ni marufuku kabisa, kwa hiyo hata lile jibini zuri la Njombe libaki nyumbani. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, sitausemea, aliyewahi kuuona ukichacha ndani ya dumu anajua utakavyolifanya begi.

Tiketi zenu zitawapitisha pengine Istanbul, Doha au Amsterdam. Mkipitia Amsterdam, ukaguzi wa uhamiaji utafanyika hapo hapo wala si Berlin, kwa kuwa ndipo mnapoingia Schengen, na tangu tarehe 12 Oktoba 2025 umeanza utaratibu wa kuwaandikisha wageni kwenye kompyuta badala ya kugonga muhuri tu. Msikubali tiketi yenye muda wa saa moja kati ya ndege na ndege.

Mama, naomba niongeze jambo la mezani, maana limewahuzunisha wageni wengi bila sababu. Katika nyumba nyingi chakula cha moto huliwa mchana, na jioni huwekwa mkate, jibini na vipande vya nyama baridi. Usidhani umenyimwa chakula. Halafu mwenyeji atakuuliza kama unaongeza. Kwetu mtu husema "nimeshiba" akitarajia kubembelezwa mara ya pili na ya tatu, lakini huko ukisema umeshiba sahani inaondolewa, kwa heshima kabisa, na utalala na njaa ukimlaumu mtu aliyekuamini tu. Kama unataka, sema ndiyo mara ya kwanza.

Kaka mhariri, mimi ni kijana wa Uyole na nimepata mafunzo ya wiki sita Berlin. Nimeambiwa treni zao hazina geti wala mtu wa kukata tiketi. Je, nauli hulipwa wapi? Na kutoka uwanja wa ndege nitafikaje mjini?

Mdogo wangu, ulichoambiwa ni kweli, na ndicho kinachowaponza wageni. Uwanja wa ndege wa Berlin ulifunguliwa tarehe 31 Oktoba 2020, na stesheni ya treni iko chini ya jengo la abiria, kwa hiyo huna haja ya teksi. Treni zinazokwenda stesheni kuu, Berlin Hauptbahnhof, hutumia karibu nusu saa. Lakini kabla hujashuka kwenye jukwaa, elewa kwamba usafiri wa mji umegawanywa katika kanda tatu: A ni katikati, ndani ya duara la reli, B ni kutoka hapo hadi mpaka wa mji, na C ni viunga vya nje. Uwanja wa ndege uko kanda C, kwa hiyo siku ya kufika na siku ya kuondoka unahitaji tiketi ya ABC, na siku nyingine zote, ukibaki mjini, AB inakutosha. Bei hupanda mara kwa mara, kwa hiyo soma ile iliyo kwenye mashine siku hiyo.

Kununua tiketi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili nilifundishwa kwa euro 60. Mwezi wangu wa kwanza nilinunua tiketi kwenye mashine, nikaikunja vizuri, nikaiweka kwenye pochi, nikapanda. Vituo viwili mbele, abiria wawili waliovaa majaketi ya kawaida, mmoja na begi la mgongoni kama mwanafunzi, walisimama mlango ulipofunga na kutoa vitambulisho. Nilitoa tiketi yangu kwa kujiamini kabisa. Yule wa begi aliigeuza upande wa pili, akaniwekea kidole kwenye pembe iliyokuwa tupu, akasema neno moja ambalo sikulijua. Tiketi ile ilitakiwa kugongwa muhuri wa tarehe na saa kwenye kijisanduku, cha njano au chekundu, kilichosimama jukwaani hatua chache kutoka nilipokuwa nimesimama dakika kumi nzima. Nilijieleza kwa Kiingereza, nikajieleza tena. Hakuna aliyenifokea. Niliandikiwa karatasi, nikashuka kituo kilichofuata, na abiria wengine waliendelea kusoma simu zao.

Basi ugonge tiketi kabla ya kupanda. Ukinunua kwa simu, huwa tayari imeshaanza kuhesabiwa. Tiketi moja ya kawaida hudumu saa mbili kwa mwelekeo mmoja. Unaweza kubadilisha treni za chini ya ardhi, treni za juu, tramu na mabasi kadiri unavyotaka, ila usirudi nayo ulikotoka. Kwa siku ya mizunguko mingi chukua ya saa 24, na yule mama wa Tukuyu anayesoma hapa ajue kwamba ipo pia ya kikundi kisichozidi watu watano, ambayo ingewafaa wanakwaya wake kikamilifu.

Milango ya treni nyingi haifunguki yenyewe. Treni itasimama mbele yako, utasubiri kwa adabu, kisha itaondoka, kwa hiyo bonyeza kitufe. Ukisikia "zurückbleiben bitte" maana yake ni kaa nyuma, mlango unafungwa, na si wakati wa kuruka kama tunavyodandia Hiace pale Mafiati. Kwenye ngazi za umeme simama upande wa kulia ili wenye haraka wapite kushoto.

La hatari kuliko yote ni barabara yenyewe. Sisi tumezoea magari ya upande wa kushoto, kwa hiyo shingo zetu hugeuka kulia kwanza bila kufikiri. Huko magari huendesha kulia, na hatari ya kwanza inatoka kushoto kwako. Pembeni ya njia ya miguu mara nyingi kuna njia nyingine, aghalabu ya rangi nyekundu, ambayo ni ya baiskeli, na baiskeli za Berlin zinakwenda kwa kasi ya bodaboda. Usisimame hapo kupiga picha.

Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa Makambako. Wote wanatuonya kwamba Wajerumani hawana mchezo na muda. Saa zao zikoje ukilinganisha na zetu?

Berlin iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi, kwa sababu hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hilo simu yako italishughulikia. Usichoweza kuiachia simu ni lugha. Mwalimu wetu aliwahi kutuambia tukutane "halb acht" kwa safari ya Potsdam. Nilijua halb ni nusu na acht ni nane, nikahesabu nane na nusu kwa saa za Kizungu, ambayo kwetu ni saa mbili na nusu asubuhi, na nikafika mapema dakika tano nikijipongeza. Uwanja ulikuwa mtupu. Mjerumani akisema nusu ya nane anamaanisha nusu ya kuielekea nane, yaani saa moja na nusu kwa hesabu yetu, kwa hiyo niliachwa kwa saa nzima huku nikiamini nimewahi. Tangu siku ile niliomba kila miadi iandikwe kwa tarakimu. Wakiandika 19:30, hakuna ubishi: ni saa moja na nusu usiku.

Kwa kuwa wewe ni mfanyabiashara, utashangaa pia Jumapili. Karibu maduka yote hufungwa kwa sheria, isipokuwa yaliyo ndani ya stesheni kubwa, vituo vya mafuta na vibanda vidogo vya mitaani, ambavyo ni ghali. Anayefika Jumamosi jioni anunue mkate kwanza, kisha ndipo apumzike. Usiende na shilingi ukitegemea kuzibadilisha huko. Badilisha nchini uwe na euro za noti ndogo, maana vibanda na migahawa mingi midogo bado inapenda fedha taslimu. Mzigo wa euro 10,000 au zaidi lazima utangazwe forodhani.

Kamwene. Ni mwalimu mstaafu wa historia, Iringa. Nitakuwa Berlin siku tatu tu na fedha yangu ni ya pensheni. Nione nini?

Kamwene mwalimu, na shikamoo. Hapa ndipo ningependa kukaa zaidi, kwa sababu mengi yaliyo bora hayalipiwi, na baadhi yake ni historia uliyoifundisha mwenyewe.

Panda basi namba 100 kutoka stesheni ya Zoo hadi Alexanderplatz. Ni basi la kawaida la mji, lilianzishwa mwaka 1990 kuunganisha pande mbili zilizokuwa zimetengana, na kwa nauli ya kawaida linapita karibu na Bunge na majumba mengi ambayo mabasi ya watalii huyaonyesha kwa bei ya kondoo. Kupanda kwenye kuba la kioo juu ya jengo la Bunge ni bure, lakini ni lazima ujiandikishe mapema kwenye tovuti ya Bunge kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha uende na pasipoti yenyewe, kwani nakala haitoshi. Ukuta uliotenganisha pande hizo mbili, uliojengwa kuanzia tarehe 13 Agosti 1961 na kufunguliwa tarehe 9 Novemba 1989 utauona vizuri zaidi mtaa wa Bernauer Straße, ambako wameacha kipande pamoja na ule ukanda wa mauti uliokuwa nyuma yake. Hapo pia hakuna kiingilio.

Siku moja ipe treni ya chini ya ardhi ya U6 peke yake. Shuka kituo cha Naturkundemuseum. Makumbusho ya elimu ya viumbe yana kiingilio na hufungwa Jumatatu, lakini hiki ndicho kiingilio nisichojutia: katika ukumbi wa kwanza amesimama dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, na mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na watu wetu vichwani na mabegani hadi bandarini, chini ya msimamizi wa wachimbaji aliyeitwa Boheti bin Amrani. Wageni husimama pale wakitazama juu. Wewe tazama miguu kwanza, ukadirie mfupa mmoja wa paja ungehitaji watu wangapi, ndipo uinue kichwa.

Rudi kwenye U6 hiyo hiyo, elekea kaskazini, ushuke Rehberge au Afrikanische Straße. Huo ni mtaa wa Wedding ambao barabara zake zilipewa majina wakati wa ukoloni na baada yake, na utakuta Sansibarstraße na Usambarastraße kwenye nguzo za kona kama vile uko kwenye ramani ya darasa lako. Palikuwa na barabara ya Petersallee, iliyohusishwa na Carl Peters, yule tuliyemfundisha kwa jina la "mkono wa damu". Mwezi Agosti 2024 ilibadilishwa, na sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Hakuna sanamu wala duka la kumbukumbu. Ni njia ya makazi yenye miti, akina mama wakisukuma vigari vya watoto. Nenda na mtu wa kukupiga picha chini ya kibao.

Dada mhariri msaidizi alisema mnajibu na mambo ya hali ya hewa. Mimi ni mama wa Njombe, nakwenda kumuona binti yangu mwezi Desemba. Baridi naijua. Kuna zaidi ya hapo?

Mama, baridi ya Njombe unaijua, lakini ile ni ya aina nyingine. Kwetu baridi iko ndani na nje sawasawa, kwa hiyo tunavaa sweta moja zito kutwa nzima. Huko nje ni karibu na nyuzi sifuri, ndani ni joto la kukutoa jasho, na kila ukiingia dukani utatamani kuvua kila kitu. Vaa nguo nyepesi nyingi moja juu ya nyingine badala ya moja nzito, na fedha yako itumie kwenye viatu visivyopitisha maji. Kitakachokusumbua zaidi ni giza. Mwezi Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na huzama kabla ya saa kumi jioni, na mgeni hudhani anaumwa kumbe ni kukosa mwanga. Tokeni nje kila siku saa sita mchana, hata kama kuna mawingu.

Dawa zako za presha au sukari ziache kwenye makasha yake pamoja na cheti cha daktari, na ziwe kwenye begi la mkononi. Ukipata homa katika wiki za kwanza, mwambie daktari kabla hajakuuliza kwamba umetoka nchi yenye malaria, kwa sababu daktari wa Berlin mwezi Desemba atafikiria mafua kwanza. Dharura ya gari la wagonjwa ni 112, polisi ni 110. Na kwenye chumba cha kusubiria daktari, wasalimu waliokaa kwa "Guten Tag". Ndani ya treni hakuna anayesalimiana, na kimya chao si chuki.

Adapta inahitajika? Na maji ya bomba yananyweka? Msomaji wa Mafinga.

Inahitajika, kwa kuwa soketi zao ni za pini mbili za mviringo. Umeme wenyewe ni volti 230 kama wetu. Maji ya bomba yananyweka bila kuchemshwa. Ukinunua ya chupa, chupa nyingi za plastiki na makopo hulipiwa amana ya senti 25, ambayo unarudishiwa ukipeleka chupa tupu kwenye mashine ya dukani. Inaimeza, inasaga, kisha inatoa kikaratasi cha kupeleka kwa keshia. Kipeleke siku hiyo hiyo. Mimi nilikikuta kimoja mfukoni mwa koti mwaka mmoja baada ya kurudi Mbeya, senti 75, na hakuna bureau ya hapa iliyokubali kunibadilishia.